Kuomba fedha za Serikali kukarabati skuli: maswali ya kamati za skuli Unguja na Pemba

Nimekaa katibu wa kamati ya skuli huku Kaskazini Pemba kwa miaka 11. Katika muda huo tuliandika barua nne kuomba ukarabati wa banda moja la madarasa. Tatu hazikujibiwa. Ya nne ilimleta mhandisi na kamba yake ya kupimia, na leo watoto wanasoma chini ya bati zima. Shida yetu ilikuwa ile ile katika barua zote nne, na mvua ilikuwa ile ile. Ila barua ya nne ilikuwa na vipimo, picha na tarehe. Tangu hapo walimu wakuu na wajumbe wa kamati za jirani huniuliza tulifanyaje, na maswali yao yanafanana. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Kuna fungu moja la ukarabati ambalo skuli hujaza fomu ikapewa?

Usitafute fomu moja. Fedha za Serikali hufika skuli kwa njia kadhaa, na kila njia ina mlango wake. Kubwa ni bajeti ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, inayopitishwa kila mwaka na Baraza la Wawakilishi. Kuna Serikali za Mitaa, yaani baraza la manispaa, baraza la mji au halmashauri ya wilaya yenu. Kuna Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Kuna TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambayo inafanya kazi Unguja na Pemba pia.

Mara moja moja huja fedha zisizotarajiwa. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa IMF wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na mgao wa Zanzibar ulikuwa shilingi bilioni 231. Sehemu yake ilijenga madarasa. Fedha za namna ile zikija hakuna tena muda wa kuanza kupima na kupiga picha. Anayeulizwa leo anatakiwa ajibu kesho. Kwa hiyo andaeni taarifa moja nzuri ya hali ya majengo, muitunze, na muitumie kwa kila mlango. Kinachobadilika ni barua ya juu tu.

Barua ya kwanza tumpelekee nani?

Afisa Elimu wa Wilaya. Hata kama mnamjua mtu wizarani, hata kama Mwakilishi wenu ni mtoto wa kijijini, anzieni hapo. Ofisi ya wilaya ndiyo inayokusanya mahitaji ya skuli zote na kuyapeleka juu, na kila mkubwa mtakayemwendea atawauliza kama wilaya inajua. Kwa skuli za Pemba, nakala iende kwa Afisa Mdhamini wa Wizara, Chake Chake. Nakala nyingine mpeni Sheha, kwa sababu yeye ndiye atakayesimama kuthibitisha kwamba shehia inaijua shida hiyo.

Pelekeni kwa mkono. Chukueni nakala mbili, moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mrudi nayo. Nakala hiyo yenye muhuri ndiyo itakayowasaidia mkija kuuliza baada ya miezi sita.

Aandike Mwalimu Mkuu au kamati?

Wote wawili, barua moja. Mwalimu Mkuu anasaini kwa upande wa skuli, mwenyekiti wa kamati anasaini kwa upande wa wazazi. Ambatisheni muhtasari wa kikao kilichoamua, wenye tarehe na mahudhurio. Nimeona barua ya Mwalimu Mkuu peke yake ikakwama alipohamishwa: mwalimu mpya hakujua hata kama iliandikwa. Kamati haihamishwi.

Barua yenyewe iandikwe vipi?

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu hapa ndipo tulipokosea miaka yote ile.

Barua zetu za mwanzo zilisema kwamba "hali ya skuli yetu ni mbaya sana na inatishia maisha ya watoto." Ni kweli, ilikuwa mbaya. Lakini afisa ana barua nyingi mezani, na zote zinasema hali ni mbaya sana. Hana namna ya kujua ipi ni bati lililotoboka na ipi ni ukuta unaokaribia kuanguka. Kwenye barua ya nne tuliandika hivi, nami nimeondoa jina la skuli:

*YAH: MAOMBI YA KUEZEKA UPYA BANDA LA PILI LENYE MADARASA 3*

*Banda lina urefu wa mita 24 na upana wa mita 7. Bati limeoza upande wa kusi kwa urefu wote. Kenchi 4 kati ya 9 zimeliwa na mchwa. Kisu kinaingia kwa mkono. Darasa la kati halitumiki tangu masika. Wanafunzi wake 71 wamehamishiwa chini ya mwembe asubuhi, na hurudishwa nyumbani ikinyesha. Kuta hazina ufa. Tunaomba mhandisi aje kuthibitisha.*

Angalieni lile neno dogo, "kuta hazina ufa." Wajumbe wengine walilipinga kikaoni, wakaona tunajipunguzia. Mimi nilishikilia libaki. Mtu anayekiri kilicho kizima huaminiwa anapotaja kilichooza, na mhandisi alipokuja alikuta kila tulichoandika ndivyo kilivyo.

Kupima hakuhitaji utaalamu. Tafuteni kamba ya mita 30, daftari na watu wawili. Chora banda kwa juu, andika urefu, upana, idadi ya milango na madirisha. Kwa paa, msichukue eneo la sakafu mkadhani ndilo eneo la bati. Banda letu lina sakafu ya mita za mraba 168, lakini ukihesabu mteremko wa paa na vile bati linavyotoka nje ya ukuta, tulipata kama mita za mraba 218, na hapo bado hujahesabu bati linavyopandana. Skuli iliyoomba bati kwa eneo la sakafu yenye banda kama letu huja kupewa bati la kufunika madarasa mawili na kidogo kati ya matatu.

Kwa ukuta wenye ufa, fanyeni hivi: pigeni mstari wa kalamu kwenye ncha zote mbili za ufa, andikeni tarehe pembeni. Kila mwezi angalieni kama ufa umevuka mstari. Ufa uliokaa pale pale mwaka mzima ni kazi ya plasta. Ufa unaotembea ni kazi ya msingi, na hilo ni jambo jingine kabisa, la gharama nyingine na la haraka nyingine. Picha za mistari hiyo na tarehe zake zina nguvu kuliko kurasa kumi za maneno.

Picha zipigwe mchana, na katika kila picha awepo mtu au fimbo ya mita ili ukubwa uonekane. Pigeni moja wakati mvua inanyesha, ndani ya darasa. Msiwapange watoto kwa ajili ya picha, wala nyuso zao zisionekane. Maji yanayochuruzika juu ya madawati yanatosha.

Fundi wetu ametupa makadirio. Yanatosha?

Yanatosha kuanzia mazungumzo tu. Fedha za Serikali hazitolewi kwa makadirio ya fundi wa kijijini, hata awe hodari. Lazima mhandisi wa wilaya, wa halmashauri au wa Wizara aje apime na aandike mchanganuo wa gharama. Lakini makadirio ya fundi yana faida yake: yanamwonyesha afisa kama kazi ni ya milioni 5 au ya milioni 50. Kazi ndogo huweza kupata fedha za mwaka huu huu. Kubwa lazima isubiri bajeti. Muulizeni fundi atenganishe vifaa na ujira, na aandike bei ya siku ile, kwa sababu saruji na mbao hupanda zikivuka bahari, na Pemba hupanda zaidi.

Kila kitu kimechakaa: paa, vyoo, sakafu, rangi. Tuombe vyote?

Orodhesheni vyote kwenye taarifa, lakini kwenye barua ombeni kimoja au viwili. Kwanza kile kinachoweza kumuumiza mtoto: ukuta unaotembea, kenchi iliyooza, shimo la choo linalotitia. Pili paa, kwa kuwa paa bovu huua kila kilicho chini yake. Ukitia sakafu mpya chini ya paa linalovuja umetupa sakafu. Tatu vyoo na maji. Rangi iwe ya mwisho. Najua rangi inapendeza na wageni huiona, ila nimeshaona skuli iliyopakwa rangi mwezi wa tatu, na mwezi wa tano ukuta wote una ukungu kwa sababu mfereji wa paa haukuguswa.

Wananchi tulianza banda wenyewe, likafika linta, yaani usawa wa juu ya milango na madirisha, likasimama. Sasa mvua ya tatu inalinyeshea. Serikali italimaliza?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na linaniumiza kuliko yote, kwa sababu kila kijiji Pemba kina banda lake la namna hii. Utaratibu wa wananchi kuinua kuta kwa mawe na nguvu zao, kisha Serikali kuezeka na kumalizia, ni wa muda mrefu hapa kwetu na umejenga skuli nyingi. Wazee wamebeba mawe kichwani, kina mama wameteka maji, vijana wamechimba msingi bila ujira. Ni haki yao kuuliza.

Jibu ni ndiyo, mabanda ya wananchi hupangiwa fedha za umaliziaji. Lakini kuna masharti ambayo hakuna anayewaambia watu mapema. Mhandisi atauliza kama banda lilianzwa kwa ramani iliyokubaliwa. Ataangalia msingi, upana wa chumba, na kama nondo za linta zimeunganishwa inavyotakiwa. Banda lililojengwa kwa mchanga wa pwani wenye chumvi litamtia shaka, kwa kuwa chumvi hula nondo kwa ndani hata kama nje zege linang'ara. Akiona kuta hazifai, ataandika zibomolewe, na hapo ndipo kijiji kinapokasirika na kusema Serikali imewadharau.

Kwa walio na banda lililosimama: funikeni vichwa vya kuta kwa tabaka jembamba la saruji au hata makuti ili maji yasiingie ndani ya tofali. Pakeni nondo zilizochomoza maji ya saruji zisipate kutu. Kateni miti inayoota ndani, kwani mizizi yake hupasua msingi. Kisha andikeni: lilianzwa lini, watu walichangia nini kwa nguvu na kwa fedha, limesimama wapi, na linahitaji nini kufika mwisho. Mchango wa wananchi uwekewe thamani. Lori la mawe lina bei, siku ya kibarua ina bei.

Kwa wanaotaka kuanza: msichimbe hata shimo moja kabla ya kupata barua ya wilaya na ramani ya Wizara. Najua hamasa ikipanda ni vigumu kuizuia, na kiongozi akija kuweka jiwe la msingi watu hufurahi. Bado nasema subirini.

Maombi yapelekwe wakati gani wa mwaka?

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Bajeti za wizara hujadiliwa Baraza la Wawakilishi mwezi wa Mei na Juni. Watu wengi huandika barua Aprili, masika yakiwa yamewachosha, nao wanadhani wamewahi bajeti. Wamechelewa. Yatakayosomwa Mei yalishapangwa miezi mingi nyuma. Sisi tunalenga barua ifike wilayani kabla ya Novemba kwisha. Kwa hiyo picha za mvua pigeni wakati wa masika, vipimo chukueni kipupwe, kikao kifanyike Septemba, barua iende Oktoba.

Kazi yenyewe ombeni ifanyike kati ya Juni na Septemba, kukiwa kukavu.

Mfuko wa Jimbo tumfuate Mwakilishi au Mbunge?

Ni mifuko miwili, na watu huichanganya. Mwakilishi yupo kwenye Baraza la Wawakilishi, na jimbo lake lina Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo wa Zanzibar. Mbunge yupo Dodoma, na jimbo lake hupata fedha za Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo chini ya sheria ya Muungano ya mwaka 2009. Mnaweza kuomba kote kuwili, kwa kazi tofauti. Msiombe fedha za kazi moja pande mbili mkanyamaza. Ikijulikana, na hujulikana, jina la skuli linachafuka.

Fedha za jimbo si nyingi na jimbo lina shehia nyingi. Zinafaa kazi inayokwisha: kuezeka darasa moja, kuchimba karo la maji machafu, kununua tenki la maji, kutia milango. Msizitumie kuanza jambo ambalo haziwezi kulimaliza.

Na TASAF?

TASAF huanzia kwenye shehia. Mradi huibuliwa na wananchi wenyewe kwenye mkutano, na mchango wa jamii unahesabika. Mwambieni Sheha mapema kwamba skuli ina shida, ili siku ya mkutano wa kuibua miradi isemwe, na wazazi wahudhurie. Nimeona shehia ambayo skuli yake inavuja ikachagua mradi mwingine kwa sababu wazazi wa skuli walibaki shambani siku ile.

Tunaweza kuiandikia Benki ya Dunia moja kwa moja?

Hapana. Miradi mikubwa kama ule wa elimu uliokubaliwa mwaka 2016 kwa dola milioni 35 hupitia Wizara, nayo ndiyo inayochagua skuli kwa takwimu inazokusanya. Kwa hiyo fomu ya takwimu ambayo Mwalimu Mkuu hujaza kila mwaka, inayouliza idadi ya madarasa, matundu ya vyoo na hali ya paa, si karatasi ya kupita. Mwalimu akiandika "madarasa 9" wakati 2 hayatumiki, kompyuta ya Wizara inaona skuli yenye madarasa 9. Kamati iombe kuiona fomu hiyo kabla haijaondoka.

Kiwanja chetu kilitolewa na mzee kwa mdomo, na sasa warithi wanalalamika.

Hili limeshakwamisha fedha zilizokwisha kupatikana. Hakuna mhandisi atakayepanga kujenga penye mgogoro. Waiteni warithi, Sheha na mashahidi wa zamani walio hai. Andikeni makubaliano, wote wasaini, kisha myapeleke Kamisheni ya Ardhi ili skuli ipate hati. Kama mzee alitoa kwa nia ya wakfu, wahusisheni pia watu wa Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, maana wakfu una masharti yake ya kisheria na ya dini, na haufai kuguswa kwa kubahatisha. Zungumzeni na warithi kwa heshima. Baba yao alitoa ardhi ili watoto wa watu wasome; wengi wakikumbushwa hilo mbele ya wazee wenzake hulainika.

Mkifanikiwa, pandeni alama za mipaka siku hiyo hiyo.

Skuli yetu ipo Mji Mkongwe. Kuna tofauti?

Kubwa. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi yoyote kwenye jengo, hata kubadilisha dirisha, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Anzeni nao kabla ya kuomba fedha, kwa sababu wao ndio watakaosema kazi ifanywe vipi, na namna ya kufanya ndiyo inayoamua gharama.

Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Fundi akizipiga plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya nyuma, na baada ya miaka michache plasta huanguka na vipande vya mawe. Mchanganuo wowote wa skuli ya Mji Mkongwe wenye mifuko ya saruji kwa ajili ya kuta za zamani urudisheni, muulize kwa nini. Mafundi wa chokaa bado wapo Unguja.

Elimu ni bila malipo. Je, tunaruhusiwa kuwachangisha wazazi?

Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na katika miaka ya Rais Ali Mohamed Shein Serikali iliondoa michango waliyokuwa wakitozwa wazazi, kwanza ya msingi kisha ya sekondari. Hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Mzazi akipenda kutoa siku yake ya kazi, lori la mchanga au fedha, apokewe kwa risiti na aandikwe kwenye daftari linaloonekana na wote. Kwa mchanga, hakikisheni una kibali cha kuchimbwa.

Skuli za ghorofa zinajengwa kila mahali. Si bora tusubiri yetu?

Skuli za ghorofa zimesaidia kupunguza mikondo miwili, yaani watoto kusoma kwa zamu mbili kwa siku, na nafurahi kila ninapoona moja imefunguliwa. Lakini ghorofa hupangwa kwa idadi ya watoto na ukubwa wa eneo, na skuli ndogo ya kijijini inaweza kungoja muda mrefu. Mtoto wa darasa la kwanza mwaka huu atakuwa ameshamaliza msingi. Ombeni ukarabati wa mlicho nacho. Mkiona banda halikarabatiki, semeni hivyo waziwazi, na mhandisi aandike.

Vyoo vingapi vinatosha? Na wenye ulemavu?

Kipimo kinachotumika Tanzania ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Skuli yenye wasichana 310 inahitaji matundu 16. Wengi wetu tuna manne. Chumba kimoja cha wasichana kiwe na maji ndani, mlango unaofungika kwa ndani na pahali pa kutupia taulo. Wasichana hukosa masomo siku zile kwa kukosa chumba hicho, na walimu wa kike watawaambia ukweli wake mkiwauliza bila ya wanaume kuwepo.

Kwa kiti cha magurudumu, njia ya mteremko iwe na kipimo cha 1 kwa 12. Baraza ya darasa ikiwa na kimo cha sentimita 45, njia iwe na urefu wa mita 5 na sentimita 40. Fundi akikuwekea ya mita mbili, mtoto hapandi bila kusukumwa na watu wawili. Iandikeni kwenye maombi tangu mwanzo.

Upepo umeezua paa usiku. Tungoje bajeti?

La. Asubuhi hiyo hiyo mjulisheni Sheha, Afisa Elimu wa Wilaya na ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa ya Zanzibar nayo ipate taarifa kupitia wilaya. Pigeni picha kabla ya kusafisha. Kusanyeni bati lililo zima na mliweke mahali pa kufungika. Watoto wasiingie darasa la jirani mpaka mtu anayejua aangalie kenchi, kwani upepo uliong'oa moja huwa umeilegeza ya pili.

Fedha zimekuja. Kamati ina kazi gani tena?

Kazi ndiyo kwanza inaanza. Zabuni hutolewa chini ya Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma, Namba 11 ya mwaka 2016, kwa hiyo kamati haichagui mkandarasi, wala isijaribu. Lakini mna haki ya kuomba kujua jina la mkandarasi, thamani ya kazi, tarehe ya kuanza na kumaliza, na mchanganuo. Ombeni ubao wa mradi usimamishwe njiani.

Teueni wajumbe wawili wanaoishi karibu, wapite kila siku na daftari. Wahesabu mifuko ya saruji inayoingia. Waulize geji ya bati: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na kwa hewa ya chumvi ya kwetu tofauti hiyo ni miaka. Waangalie zege linamwagiwa maji kila siku kwa siku zisizopungua 7. Zege lisilonyweshwa hubaki na sura ya zege bila nguvu yake. Wasigombane na mafundi. Wakiona kasoro wamwandikie mhandisi msimamizi, nakala kwa Afisa Elimu, siku hiyo hiyo.

Mjumbe wetu mmoja, bibi wa miaka 60 na zaidi, alikaa chini ya mwembe siku zote za ujenzi akisuka ukili, na akijua mfuko wa ngapi umefunguliwa. Mkandarasi alimpenda, mwisho akawa anamwita amwonyeshe vifaa vikifika.

Wakati wa ujenzi watoto wasome wapi?

Pangeni kabla. Zungumzeni na chuo cha Kurani kilicho jirani, au gawaneni zamu na skuli ya karibu. Zungushieni uzio eneo la kazi, hata wa makuti.

Miezi minane hakuna jibu. Tufanyeje?

Chukueni ile nakala yenye muhuri, nendeni watatu: mwalimu, mjumbe mmoja mwanamume na mmoja mwanamke. Ulizeni maswali mawili tu: barua ipo kwenye faili gani, na imo kwenye orodha ya wilaya ya mwaka ujao? Ikiwa imo, ombeni kujua ni ya ngapi. Ikiwa haimo, ulizeni inakosa nini, mukiandike, murudi nacho ndani ya wiki mbili. Diwani na Mwakilishi waelezeni mkiwa na jibu la wilaya mkononi.

Msiende kwenye redio kabla ya hapo. Afisa aliyeaibishwa kwa jambo ambalo hakulijua hatawafungulia mlango tena kwa urahisi.

Tunashuku fedha zimeliwa.

Kusanyeni kwanza: daftari la mifuko, picha, mchanganuo. Tofauti ikiwa ni ya kweli, ipelekeni kwa maandishi kwa Mkuu wa Wilaya, na kwa Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi, ZAECA, ambayo ina ofisi Unguja na Pemba. Msitaje mtu kwa dhana kwenye mikutano wala kwenye makundi ya simu.

Ukarabati ukikamilika, tusaini makabidhiano?

Baada ya mvua moja nzito kunyesha, ikiwezekana. Kagueni na mhandisi chumba kwa chumba: milango inafunga, maji ya paa yanakwenda kwenye mfereji, karo halirudishi. Kasoro ziandikwe kwenye hati ya makabidhiano na mkandarasi azisaini. Kuna kipindi cha dhamana ambacho anawajibika kurekebisha, kwa hiyo andikeni tarehe ya mwisho wa kipindi hicho ukutani katika ofisi ya Mwalimu Mkuu. Sisi tuliiandika kwa rangi nyeusi nyuma ya mlango, na mwezi mmoja kabla ya kufika tulipanda juu ya paa kuangalia misumari. Tulikuta 14 imelegea. Mkandarasi alirudi akaipiga.